Fedha ya kemo iende wapi? Saratani ya mfuko wa nyongo iliyoenea

Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya AIIMS jijini New Delhi walichapisha utafiti mdogo ambao kila familia yenye mgonjwa wa saratani ya mfuko wa nyongo ingefaa kuusikia kabla haijalipa hata shilingi. Wagonjwa walikuwa 81, na uvimbe wa kila mmoja ulikuwa umefika mahali ambapo mpasuaji hawezi tena kuutoa. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipata matunzo bila kemo: kupunguziwa maumivu, kuzibuliwa njia ya nyongo, kutibiwa maambukizi. La pili liliongezewa fluorourasili na asidi ya foliniki, sindano ya kila wiki. La tatu lilipewa gemsitabini pamoja na oksaliplatini. Katika kundi la kwanza nusu ya wagonjwa walikuwa wameshafariki ilipotimu miezi 4.5. Katika kundi la fluorourasili, miezi 4.6. Katika kundi la dawa mbili, miezi 9.5.

Itazame tena namba ya katikati. Wagonjwa wale walikwenda hospitali wiki baada ya wiki, wakachomwa sindano, ndugu zao wakaacha kazi ili kuwasindikiza, na walichopata hakikuzidi walichopata wenzao waliobaki na matunzo peke yake. Nao pia walikuwa kwenye kemo. Ndiyo maana swali tunalolitanguliza dirishani, kwamba kemo ni bei gani, linakuja mapema mno. Kuna kemo inayoongeza karibu miezi mitano na kuna kemo isiyoongeza kitu, na zote mbili hulipiwa.

Mifano mingi ya makala haya inatoka India, na kwa sababu nzuri. Saratani hii ni adimu kwetu Afrika Mashariki, lakini kwenye mikoa ya bonde la Ganges, Uttar Pradesh na Bihar hasa, ni ugonjwa wa kila siku wa wodi za saratani, nao huwapata wanawake zaidi ya wanaume, mara nyingi wenye historia ya vijiwe kwenye nyongo. Chile nako ni hivyo hivyo. Waliouona ugonjwa mara nyingi ndio waliopima ni dawa ipi inafaa kwa mtu asiye na fedha nyingi. Tena sehemu kubwa ya dawa za saratani zinazouzwa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala hutengenezwa India, na wagonjwa wetu wengi huishia kupanda ndege kwenda huko.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mapema. Familia yenye fedha ya kuhesabu iitumie kwanza kwa dawa mbili za zamani, zikamilishwe kwa ratiba, njia ya nyongo ikiwa wazi na maumivu yakiwa yametulizwa. Baada ya hapo ilipie kipimo cha HER2, protini ya juu ya seli za saratani ambayo ikizidi ina dawa yake. Dawa mpya za bei kubwa zije mwisho, isipokuwa anayelipa ni bima au serikali.

Neno moja kuhusu namba, kwa sababu zitarudi mara nyingi. Utafiti ukisema miezi 9.5, maana yake ni kwamba nusu ya wagonjwa waliishi pungufu ya hapo na nusu wakaishi zaidi. Si tarehe ya mtu yeyote. Wako waliofariki mwezi wa pili, na wako waliofika mwaka wa tatu.

Kabla ya dripu ya kwanza

Gharama mbili hutangulia kemo, na familia zinazoziruka hulipa zaidi baadaye.

Ya kwanza ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachopimwa maabara. Picha ya CT ikionyesha ukuta wa mfuko wa nyongo umenenepa na umeshikamana na ini, haijawa saratani mpaka maabara iseme hivyo. Kuna uvimbe sugu wa mfuko wa nyongo unaofanana mno na saratani kwenye picha, na kifua kikuu cha tumbo nacho huweza kudanganya. Hakuna sababu ya kumtia mtu sumu ya kemo kwa ugonjwa ambao hajathibitishwa kuwa nao. Na hapa niseme jambo kwa wale ambao bado hawajafika huku: anayefanyiwa upasuaji wa vijiwe, mfuko uliotolewa upelekwe maabara, hata kama mpasuaji anasema unaonekana mzima. Saratani nyingi za mfuko wa nyongo hugunduliwa hivyo, zikiwa bado changa, na kipimo hicho ni nafuu mno ukilinganisha na lolote litakalofuata katika makala haya.

Ya pili ni njia ya nyongo. Uvimbe ukiibana, macho huwa ya manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, ngozi inawasha usiku kucha. Mgonjwa wa namna hii hawezi kuanza kemo salama, kwa kuwa ini lililojaa nyongo haliwezi kuzihimili dawa hizi. Lazima izibuliwe kwanza, ama kwa mrija mdogo uitwao stenti unaopitishwa kinywani kwa kamera, ama kwa mrija unaopenya ngozi ya ubavuni hadi ndani ya ini pale kizuizi kinapokuwa juu sana.

Stenti zipo za plastiki na za chuma, na ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ya plastiki ni rahisi, lakini kwa kawaida huziba baada ya miezi mitatu hivi, na kuibadilisha ni kulipia tena kamera, dawa ya usingizi, kitanda na nauli. Ya chuma bei yake ni mara kadhaa ya ile ya plastiki, ila hudumu muda mrefu zaidi, mara nyingi kupita nusu mwaka. Kemo kamili inachukua karibu miezi sita. Kwa hiyo kama daktari anatarajia mgonjwa aimalize, stenti ya chuma mara nyingi ndiyo nafuu, ingawa risiti ya siku ile haionyeshi hivyo. Kama mgonjwa amedhoofu sana na lengo ni kumwondolea muwasho tu, ya plastiki inatosha. Muulize daktari swali hilo kabla ya kuingia chumba cha kamera, kwa sababu ukishatoka mrija umeshawekwa.

Na mwenye stenti akipata homa ya kutetemeka, ni dharura ya usiku uleule. Fedha ya antibiotiki na ya teksi ikae kando, isiguswe.

Dawa mbili za zamani

Mchanganyiko unaotumika zaidi duniani ni gemsitabini na sisplatini. Ulipata nafasi hiyo mwaka 2010, kwa utafiti wa Uingereza ulioitwa ABC-02. Wagonjwa walikuwa 410 wenye saratani za njia ya nyongo, zaidi ya theluthi wakiwa na ile ya mfuko wenyewe. Waliopata gemsitabini peke yake nusu yao waliishi miezi 8.1. Waliopata zote mbili, miezi 11.7. Dawa zote mbili hataza zake zimeisha zamani, viwanda vingi vinazitengeneza, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tuihesabu kama familia inavyoihesabu. Dozi hupimwa kwa eneo la mwili, linalopatikana kwa urefu na uzito. Mama mwenye kilo 50 na urefu wa sentimita 160 ana eneo la mita 1.5 za mraba. Kila kikao atahitaji miligramu 1,500 za gemsitabini na miligramu 37.5 za sisplatini. Gemsitabini huja kwa chupa za gramu 1 na za miligramu 200, kwa hiyo ni chupa kubwa moja na ndogo tatu, huku sehemu ya ile ya mwisho ikibaki. Hospitali nyingi hukubali dozi ikadiriwe ndani ya asilimia 10, na daktari akiridhia miligramu 1,400, chupa moja ndogo inapungua kila kikao. Kwenye sisplatini, chupa ya miligramu 50 huacha masalio. Hospitali zenye chumba safi cha kuchanganyia dawa huweza kuwapanga wagonjwa siku moja ili chupa itumike yote. Hayo si maombi ya aibu. Ni maswali ambayo mfamasia wa saratani anayajua vizuri, na hujibu kwa furaha akiulizwa.

Vikao ni viwili katika kila mzunguko wa wiki tatu: siku ya kwanza na ya nane, kisha mapumziko. Mizunguko minane ni vikao 16. Kila kikao kinatanguliwa na kipimo cha damu, kwa sababu gemsitabini hushusha chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu, na cha figo, kwa sababu sisplatini huziumiza. Kwa mgonjwa wa Songea anayetibiwa Dar es Salaam, au wa Lodwar anayetibiwa Eldoret, nauli ya watu wawili, chakula na malazi mara 16 inaweza kuipita bei ya dawa zenyewe. Ukiletewa makadirio ya gharama yasiyo na mstari wa safari, yaongezee wewe.

Sisplatini hutaka maji mengi ya dripu ili figo zisalimike, na ndiyo inayotapisha zaidi. Kwenye kichefuchefu nashauri familia isikimbilie sindano za bei ya juu kabla ya kuuliza kuhusu olanzapini, kidonge cha bei ndogo sana kilichotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya akili na kikaonekana kuzuia kutapika kwa nguvu. Tatizo lake lilikuwa usingizi mzito. Mwaka 2024 hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilionyesha kwamba miligramu 2.5 zinazuia kutapika sawa na miligramu 10 za kawaida, kwa usingizi mdogo zaidi, hata kwa wanaotumia kemo zinazotapisha vikali.

Mbadala wa kwanza ni kuitoa sisplatini na kuweka oksaliplatini. Madaktari wa Delhi waliulinganisha mchanganyiko huo na ule wa Uingereza kwa wagonjwa 243, wote wa mfuko wa nyongo, na kuchapisha matokeo mwaka 2019: miezi 9 kwa wenye oksaliplatini, miezi 8.3 kwa wenye sisplatini. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake inaweza kuileta, na kwa mnunuzi hiyo ni habari njema, maana inampa uhuru wa kuchagua kwa vigezo vingine. Oksaliplatini haihitaji lita za maji na huzihurumia figo. Badala yake huleta ganzi ya vidole, na siku za mwanzo baada ya dripu kugusa chuma baridi au kunywa maji ya friji huuma kama umeme. Chupa yake kwa kawaida ni ghali kuliko ya sisplatini. Ningeichagua kwa mwenye figo dhaifu, mwenye kisukari kilichokwisha kuzigusa figo, au mwenye masikio mabovu, kwa kuwa sisplatini huharibu usikivu. Kwa fundi cherehani ambaye bado anataka vidole vyake, ningebaki na sisplatini kama figo zake ni nzima.

Mbadala wa pili ni wa mtu anayeishi mbali. Oksaliplatini kwa dripu siku ya kwanza, kisha vidonge vya kapesitabini nyumbani kwa siku 14, halafu wiki moja ya kupumzika. Korea Kusini waliulinganisha na gemsitabini na oksaliplatini kwa wagonjwa 222 wa saratani za njia ya nyongo: miezi 10.6 kwa 10.4. Safari zinakuwa nane badala ya 16. Mama yetu wa kilo 50 atameza vidonge vitatu vya miligramu 500 asubuhi na vitatu jioni, jumla 84 kwa mzunguko. Lakini vidonge vinataka mtu anayekula na kumeza, na saratani hii hupenda kulibana tumbo mahali linapoungana na utumbo. Anayetapika chakula cha jana hawezi kutegemea kidonge. Viganja na nyayo huweza kuwasha, kubambuka na kuuma. Na bima nyingi zinazolipia dripu ya hospitali hugoma kulipia vidonge vya kupeleka nyumbani, kwa hiyo ulizia jambo hilo kwa maandishi kabla hujabadilisha.

Yapo pia majaribio ya kuongeza dawa ya tatu. Marekani walijaribu kuongeza paklitakseli iliyofungwa kwenye albumini juu ya gemsitabini na sisplatini, kwa wagonjwa 441. Miezi ilikuwa 14 dhidi ya 12.7, tofauti isiyothibitika, na madhara kwenye damu yakaongezeka. Ukiambiwa dawa tatu ni bora kwa sababu ni tatu, usilipe.

Dawa za kinga na bei yake

Durvalumabu, inayouzwa na AstraZeneca kwa jina la Imfinzi, na pembrolizumabu, iitwayo Keytruda, si kemo. Zinaifungulia kinga ya mwili njia ya kuishambulia saratani, nazo hutolewa pamoja na gemsitabini na sisplatini, si badala yake. Anayekuambia uziache dawa za zamani ununue hizi anakupotosha.

Utafiti wa durvalumabu, TOPAZ-1, ulikuwa na wagonjwa 685. Nusu ya walioongezewa dawa hiyo waliishi miezi 12.8, nusu ya wasioongezewa miezi 11.5. Ukiishia hapo utasema ni mwezi mmoja na siku chache. Lakini miaka miwili baadaye robo ya walioipata walikuwa hai, dhidi ya mmoja kati ya kumi wa kundi la pili. Kwa hiyo dawa hii inawasaidia wachache kwa muda mrefu kuliko inavyowasaidia wote kwa muda mfupi, na anayeidharau kwa ile namba ya mwezi mmoja hajaitendea haki. Pembrolizumabu ilipimwa kwa wagonjwa 1,069: miezi 12.7 dhidi ya 10.9.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea. Tafiti zote mbili zilichanganya saratani za mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini, za mirija ya nje, na za mfuko wenyewe. Wagonjwa wa mfuko walikuwa robo hivi au pungufu. Kwa wote kwa pamoja, hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 20 katika utafiti wa kwanza na 17 katika wa pili. Kwa wagonjwa wa mfuko wa nyongo peke yao, upungufu ulikuwa asilimia 6 na 4, kiasi ambacho hakitofautiki na bahati. Kundi lilikuwa dogo mno kusema dawa haifanyi kazi kwao. Lakini pia hakuna anayeweza kuwaahidi wagonjwa wa mfuko wa nyongo ile robo iliyokuwa hai baada ya miaka miwili, na ahadi hiyo ndiyo inayouzwa.

Sasa bei. Uingereza, bei ya orodha ya durvalumabu ni pauni 2,466 kwa chupa ya miligramu 500. Dozi ni miligramu 1,500, yaani chupa tatu: pauni 7,398 kwa kila mzunguko. Mizunguko minane ni pauni 59,184, na baada ya hapo dozi huendelea kila wiki nne mpaka ugonjwa usonge mbele. Pembrolizumabu ni pauni 5,260 kwa dozi ya kila wiki tatu. Gemsitabini na sisplatini za mzunguko mzima, hata kwa bei ya orodha, hazifiki sehemu ya kumi ya dozi moja ya durvalumabu, na hospitali huzinunua kwa chini zaidi. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza huilipia durvalumabu kwa ugonjwa huu tangu 2024, tena kwa punguzo la siri walilokubaliana na kampuni. Mgonjwa wetu anayelipa taslimu hana punguzo hilo.

India nako ni mzigo. Serikali iliondoa ushuru wa forodha kwa durvalumabu na dawa nyingine mbili za saratani katika bajeti ya Julai 2024, lakini dozi bado inahesabiwa kwa malaki ya rupia. Bima ya serikali ya familia maskini, PM-JAY, iliyoanza 2018, hulipa hadi rupia laki 5 kwa familia kwa mwaka. Kwa dawa za zamani hiyo ni fedha ya kutosha kufika mbali. Kwa durvalumabu inaweza kuishia kwenye dozi chache, na baada ya hapo familia inaanza kuuza ng'ombe.

Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipoanza kazi Oktoba 2024 ilipanga shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na nyongeza ya 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi. Kwa bei ile ya orodha ya Uingereza, dozi moja tu ya durvalumabu inazidi jumla hiyo maradufu.

Kwa hiyo kama bima yako inailipia yote, kubali bila kusita. Madhara yake kwa kawaida hayazidi sana ya kemo peke yake, ingawa kinga iliyofunguliwa huweza kushambulia tezi, utumbo au mapafu. Kama ni kuuza kiwanja, au kuwatoa watoto shule, basi kwa saratani ya mfuko wa nyongo nasema hapana, na nasema hivyo nikijua uzito wake. Wapo wachache walio tofauti: wale ambao uvimbe wao umepoteza protini za kurekebisha vinasaba. Ni nadra kwenye ugonjwa huu, lakini dawa za kinga huwafaa sana, na maabara hulitambua hilo kwa kipande kilekile cha nyama kilichokwisha kuchukuliwa.

Kipande hicho hicho kipimwe HER2. Ni kipimo ambacho maabara za saratani ya matiti hukifanya kila wiki. Katika mfuko wa nyongo, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hadi mmoja kati ya watano ana HER2 nyingi, zaidi ya saratani nyingine za njia ya nyongo. Kwa hao ipo trastuzumabu, ambayo India hutengeneza nakala zake tangu muongo uliopita, na bei yake imeshuka mbali na ilikoanzia. Tata Memorial waliiongeza kwenye gemsitabini na sisplatini kwa wagonjwa 90, karibu wote wa mfuko wa nyongo, na kwa robo tatu yao ugonjwa ulikuwa haujasonga mbele baada ya miezi sita. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, na huo ni upungufu mkubwa. Hata hivyo, nikiwa na fedha ya ziada ya kiasi na jibu la HER2 mkononi, ningeiweka huku kabla ya kuiweka kwenye durvalumabu.

Kwenda India au kubaki

Anayekwenda India kwa mizunguko minane atakaa huko karibu miezi sita. Atahitaji viza ya matibabu, na viza ya msindikizaji mmoja au wawili, chumba cha kupanga, na mtu wa kuangalia nyumba huku. Dripu atakayopewa, kama ni gemsitabini na sisplatini, ni dawa ileile anayoweza kuipata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, au hospitali za rufaa za Moshi, Mwanza, Eldoret na Nairobi. Kinachoweza kuwa bora India ni upasuaji mgumu wa ini, uzibuaji wa njia ya nyongo ulioshindikana hapa, na jicho la bingwa anayeuona ugonjwa huu kila siku. Kwa hayo safari ina maana: nenda, pata kinyama, stenti, HER2 na mpango ulioandikwa, kisha rudi utibiwe nyumbani. Kupeleka picha za CT na slaidi za maabara kwa maoni ya pili bila mgonjwa kusafiri ni nafuu zaidi, na hospitali nyingi za India hupokea.

Bei ndogo nayo ina hatari yake. Mwaka 2025 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha uchunguzi wa dawa saba za saratani zilizokusanywa Kenya, Malawi, Ethiopia na Kamerun, sisplatini na oksaliplatini zikiwemo. Toleo moja kati ya sita hivi la dawa hizo halikuwa na kiwango sahihi cha dawa ndani yake. Huwezi kulitambua hilo kwa macho. Unachoweza ni kuikataa dawa ya saratani iliyoletwa mkononi na mtu, au ya duka lisilo na risiti. Kupiga picha jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya kila chupa. Na kuomba dawa itoke kwenye stoo ya hospitali yenyewe, hata ikizidi kidogo bei ya nje.

Morfini ya maji ni ununuzi ambao haupaswi kuahirishwa kwa ajili ya kemo. Uganda, kupitia Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kwamba nchi maskini inaweza kuichanganya yenyewe na kuwapa wagonjwa bila malipo. Kwingineko uliza kitengo cha tiba shufaa cha hospitali siku ileile unayopewa ratiba ya dripu. Mgonjwa anayelala usingizi na kula ndiye anayeimaliza mizunguko.

Dawa za kwanza zikishindwa, njia iliyopimwa vizuri ni ile ya oksaliplatini na fluorourasili ya wiki mbili mbili, ambayo fluorourasili yake hupita taratibu kwa saa 46 kupitia mrija wa mshipa mkubwa. Utafiti wa ABC-06 uliwaweka wagonjwa 162 kwenye mizani: miezi 6.2 kwa waliopata, 5.3 kwa waliobaki na matunzo. Baada ya mwaka mmoja, robo ya wa kwanza walikuwa hai, dhidi ya mmoja kati ya tisa wa pili. Kwa mgonjwa anayetembea, anayejihudumia mwenyewe na anayetaka, inafaa. Kwa anayelala zaidi ya nusu ya mchana, mrija huo na zile safari za kila wiki mbili humchukulia muda mwingi kuliko unaomrudishia, na daktari anayesema tusimame hapo anamtendea mgonjwa wema.

Kwa hiyo usilipe mizunguko minane kwa mkupuo, hata ukiahidiwa punguzo. Utafiti wa ABC-02 wenyewe ulipangwa kwa wiki 12 kwanza, kisha kipimo, na wiki 12 nyingine kwa wale tu ambao ugonjwa haukusonga mbele. Lipia minne, weka akiba ya CT, na jibu la picha hiyo ndilo liamue kama fedha iliyobaki inanunua gemsitabini, inanunua dawa nyingine, au inambakishia mgonjwa nyumba yake, chakula anachokipenda na mtu wa kukaa naye.